Njia ya Kwenda Tu: Setilaiti, Ungo, na Jibu Lipitalo Kwingine

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

Leo tutazungumza habari za njia. Si njia ya gari, wala si njia ya mtumbwi. Ni njia ya maneno na picha zipitazo angani. Tena ni njia ya namna ya peke yake, maana huenda upande mmoja tu. Kurudi haina.

Mfano wa kwanza ni redio yenyewe. Mimi nasema, wewe wasikia. Lakini ukisema, "Mwalimu, hapo sikuelewa," mimi sisikii neno, hata ukipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Redio yako ina sikio, mdomo haina.

Watu wa elimu walilijua jambo hili zamani. Mwaka 1973 Tanzania ilikuwa na masomo makubwa ya redio yaliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza, wakazungumza, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani karibu na nyumba zao. Lakini mtu aliyekaa Dar es Salaam angejuaje kwamba kikundi fulani kimesikia? Sauti ilikwenda kwa hewa, basi habari ikabidi irudi kwa ardhi, kwa karatasi za taarifa na kwa miguu ya watu. Shikeni neno hilo: kwenda kwa hewa, kurudi kwa ardhi. Tutalihitaji mara nyingi leo.

Labda mvuvi mmoja wa Kirumba atauliza, "Yanihusu nini mimi?" Yakuhusu sana, ndugu. Habari ya dhoruba ikujiayo usiku ziwani, kabla ya kufika kwako, imekwisha kupita katika njia ya namna hii. Tutafika huko. Kwanza tujue njia yenyewe.

Setilaiti ni chombo kilichorushwa juu sana na kuachwa huko kizunguke dunia. Ziko za namna nyingi. Hizi tunazosema leo huwa juu ya mstari wa ikweta, kiasi cha kilometa 36,000 kutoka chini. Kwa urefu huo, setilaiti huzunguka pamoja na dunia, mzunguko mmoja kwa siku moja, hata kwa macho yetu ni kama imesimama mahali pamoja. Ndiyo maana fundi akikufungia ungo juu ya bati, huufunga mara moja na kuondoka. Ungo hautafutitafuti. Ungo wa Azam TV hapa Mwanza hutazama juu, upande wa machweo, na mwakani utatazama pale pale, isipokuwa upepo au ndege wazito wameusukuma.

Mawimbi huenda kwa kasi ya kilometa 300,000 kwa sekunde moja. Kupanda ni 36,000, kushuka ni 36,000, jumla 72,000. Wenye kupenda hesabu wagawanye: ni kama robo ya sekunde. Umbali ni mkubwa, lakini habari hufika kabla hujafumba jicho na kulifumbua.

Sasa uutazame huo ungo. Unapokea tu. Ili utume neno mpaka juu, utahitaji mtambo mwingine wa kutumia, wenye nguvu, na ruhusa ya serikali, na fedha nyingi. Ziko setilaiti nyingine ambazo mteja hupokea na kutuma, lakini kifaa chake ni cha namna nyingine na bei yake ni nyingine. Ungo wa televisheni ni sikio, kama redio.

Hata hivyo mnajua ninyi nyote kwamba mtu hulipia king'amuzi chake. Je, umewahi kujiuliza fedha zapita wapi? Hazipandi kwenye ungo. Unashika simu, unalipa kwa simu. Habari ya malipo inakwenda kwenye mnara wa simu, inapita katika nyaya za chini mpaka kwenye kampuni. Kampuni inatazama namba yako. Halafu inatuma amri juu kwenye setilaiti: "King'amuzi chenye namba hii, funguka." Amri inashuka juu ya nchi nzima. Ving'amuzi vyote vilivyo wazi vinaisikia, cha Sengerema, cha Bunda, cha Ukerewe, lakini kile chenye namba hiyo peke yake ndicho kinachotii. Ndiyo sababu fundi hukwambia, "Washa king'amuzi, ukiache kwenye chaneli, usizime." Ukikizima, amri yapita na sikio limezibwa. Kampuni haina namna ya kujua kwa njia ya ungo kwamba hukusikia, kwa hiyo huirudia amri ile mara kadhaa.

Hapa tumekwisha kuona mambo mawili ya maana. Jibu hupita njia nyingine. Na mtumaji asiyesikia jibu hurudia maneno yake.

Kwa televisheni hayo yatosha. Lakini watu walipotaka kupitisha intaneti katika njia hii, waliona taabu. Intaneti ni mazungumzo. Kompyuta moja yasema, nyingine yajibu, "Nimepata, lete zaidi." Bila jibu, ya kwanza husimama. Na tena katika intaneti kuna mashine zinazokaa kwenye njia panda. Mafundi huziita ruta. Kazi ya ruta ni kupokea mzigo wa habari, kusoma anwani, na kuamua upite njia ipi. Sasa ruta hujuaje njia? Hakuna mtu anayekaa na kuiambia kila siku. Ruta huambiana zenyewe.

Nitasema kwa mfano wa kwetu. Tuseme una gunia la unga katika soko la Mwaloni Kirumba, nawe wataka lifike Ukara. Hujui chombo. Mara anatokea nahodha aliyetoka Ukerewe, anasema, "Wa Nansio, wa Ukara, mzigo wapita kwangu!" Basi unampa gunia. Angalia vizuri jambo lililofanyika. Tangazo limetoka Ukerewe likaja Mwanza. Mzigo unatoka Mwanza kwenda Ukerewe. Tangazo na mzigo vinakwenda pande mbili zinazopingana. Habari ya njia hutembea kinyume cha mzigo.

Ruta ni vivyo hivyo. Ruta iliyo karibu na shule fulani hutangaza, "Mzigo wa shule hii upite kwangu." Ruta jirani inasikia, inaandika katika daftari lake, na kuanzia hapo mizigo ya shule inatumwa huko kulikotoka tangazo.

Haya, tuweke sasa setilaiti ya kwenda tu. Tuseme mtambo mkubwa wa kutumia uko Ulaya, na shule iko Ukerewe, ina ungo wa kupokea. Shule pia ina laini nyembamba ya simu. Ruta ya Ulaya inatangaza kwa setilaiti, "Mizigo ya dunia nzima ipite kwangu!" Ruta ya shule inasikia kwa ungo. Inafurahi, inaandika: njia ya dunia ni kwenye ungo. Halafu inachukua barua za wanafunzi na kuzipeleka kwenye ungo. Ungo hauna mdomo! Barua zote zapotea, wala hakuna wa kusema zimepotea. Ni kama mtu anayepeleka mzigo gatini mahali ambapo vyombo hushusha tu na havipakii.

Na upande wa Ulaya je? Kule ni kinyume. Ruta ya shule inatangaza, "Mzigo wa shule upite kwangu," lakini tangazo haliwezi kupanda. Ruta ya Ulaya haikusikia kitu. Kwa hiyo ile njia pana ya setilaiti, iliyolipiwa fedha nyingi, inakaa bure. Mizigo ya shule inapitishwa katika laini nyembamba ya simu, taratibu, kama watu mia wanaopita mlango wa jikoni na lango kubwa li wazi. Kosa si la setilaiti. Setilaiti ni nzima. Kosa ni kwamba mashine zilifundishwa kudhani kila njia ina kwenda na kurudi, na habari ya njia ikakosa mahali pa kupita.

Ziko ruta nyingine zenye adabu zaidi. Hazikubali ujirani mpaka zimesalimiana. Kanuni moja inayotumika sana huitwa OSPF. Kwa kawaida ruta hutoa salamu kila sekunde 10, na katika salamu hutaja majina ya wote iliowasikia. Usiposikia jina lako likitajwa, wajua mwenzako hakusikii. Jirani aliyenyamaza sekunde 40 huhesabiwa kuwa amekufa. Kanuni hii ni ya busara, nami naipenda kuliko ile ya kwanza, maana haipotezi barua. Lakini katika setilaiti ya kwenda tu haifiki popote. Shule inamsikia wa Ulaya, wa Ulaya hamtaji mtu wa shule, na hodi inapigwa mchana na usiku bila kuitikiwa.

Dawa yake ilitafutwa na wataalamu wa Ufaransa, Japani na Marekani. Mwaka 2001 waliandika kanuni, nayo ikachapishwa katika orodha ya kanuni za intaneti, namba 3077. Dawa ni rahisi kushangaza: bahasha ndani ya bahasha.

Ruta ya shule inataka kumwambia wa Ulaya, "Mzigo wa shule upite kwangu." Inaandika barua hiyo kama kwamba itapanda kwa ungo. Kabla haijatoka, kitu kidogo ndani ya mashine kinaikamata barua, kinaitia katika bahasha nyingine, na juu yake kinaandika anwani ya kituo cha kutumia. Bahasha hiyo kubwa inapita katika laini ya simu, inazunguka kwa ardhi, inafika Ulaya. Kule inafunguliwa. Barua ya ndani inatolewa na kukabidhiwa ruta kana kwamba imeingia kwa setilaiti yenyewe. Ruta haijui kitu. Inadhani jirani amejibu kwa mlango ule ule. Inaandika jina lake katika salamu, ujirani unakubaliwa, na mizigo mizito inaanza kushuka kwa njia pana ya angani.

Hapana haja ya kubadili kanuni za ruta. Hilo ndilo linalonipendeza mimi. Ruta zimeachwa na desturi zake, ila chini yake umewekwa tarishi.

Swali moja limebaki: shule itaijuaje anwani ya kuandika juu ya bahasha? Kituo cha kutumia hukitangaza kwa setilaiti, kila baada ya sekunde chache: "Mimi ni fulani, barua zangu za kurudi zileteni hapa." Ni kama redio inavyosoma anwani ya barua za wasikilizaji mwisho wa kipindi. Tena tangazo hilo lina kazi ya pili. Likikoma kusikika, shule hujua kwamba ungo umepata taabu, labda mvua kubwa imeziba njia, nayo huacha kuitegemea.

Njia hii ilitumika kweli. Wajapani waliitumia kupeleka masomo ya vyuo vikuu katika nchi nyingi za Asia, katika mradi wa SOI Asia. Somo lilishuka kwa setilaiti, swali la mwanafunzi likarudi kwa ardhi.

Lakini vipi kama huna njia ya kurudi kabisa? Wala simu, wala waya? Hapo turudi ziwani.

Mwaka 1998, tarehe 28 Oktoba, ilirushwa setilaiti iitwayo AfriStar, ya kampuni ya WorldSpace iliyoanzishwa na Noah Samara. Kazi yake ilikuwa kushusha redio juu ya Afrika, na pamoja na sauti iliweza kushusha maandishi na picha kwenye kompyuta iliyofungwa kwenye redio. Mradi wa RANET uliitumia kupeleka habari za hali ya hewa mahali ambapo intaneti haikufika. Mwaka 2008 kampuni ilifilisika, na baadaye redio zile zikanyamaza. Kwa bahati haikuwa njia peke yake. Shirika la Ulaya la setilaiti za hali ya hewa, EUMETSAT, lina mpango wa kutuma picha za mawingu kwa njia ya kwenda tu, uitwao EUMETCast, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ofisi za hali ya hewa za Afrika zilipewa vituo vya kupokea kwa mradi wa PUMA.

Tazama safari ya picha moja. Wingu jeusi linapanda juu ya Ukerewe. Setilaiti ya Meteosat iliyo juu ya Ghuba ya Guinea inalipiga picha. Picha inashuka Ulaya, inatengenezwa huko, halafu inapandishwa tena kwenye setilaiti nyingine ya kutangaza, na hiyo inaimwaga juu ya Afrika. Mwenye ungo anaipokea. Wingu la Ukerewe limekwenda Ulaya na kurudi, na mvuvi bado anatengeneza karabai yake mwaloni. Picha mpya hupigwa kila baada ya dakika chache.

Sasa, picha hukatwa vipande vingi. Kipande kimoja kikipotea njiani, mpokeaji angependa kusema, "Nirudishie cha 2." Naye hana mdomo. Na hata angekuwa nao, fikiri wapokeaji elfu wakisema pamoja, "Nirudishie!" Ni kama darasa zima likijibu swali kwa mkupuo, mwalimu hasikii mtu.

Dawa ni hesabu, na hesabu hiyo mnaiweza. Chukueni kalamu. Mtumaji ana namba tatu: 12, 9, 15. Hatumi tatu, anatuma nne. Ya nne ni jumla, 36. Tuseme ya pili imepotea. Mpokeaji ana 12, ana 15, na anajua jumla ni 36. Anajumlisha 12 na 15, anapata 27. Anatoa 27 katika 36, inabaki 9. Namba iliyopotea imerudi, na hakumwuliza mtu. Hesabu za mashine ni ngumu kuliko hizi na huweza kurudisha vipande vingi, lakini msingi ni huu: mtumaji anatuma zaidi kidogo ya kilichohitajika, kwa kuwa anajua hataulizwa. Vikipotea vingi kuliko ziada iliyotumwa, hakuna dawa. Katika mfano wetu zikipotea namba mbili, umeshindwa.

Kwa Ziwa Viktoria jambo hili si mchezo. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limetaja makadirio ya watu 3,000 mpaka 5,000 kufa ziwani kila mwaka, katika Tanzania, Kenya na Uganda, na dhoruba za usiku ni sababu moja kubwa. Wavuvi wa dagaa hutoka jioni na taa, nao huwa mbali na nchi saa ile ile dhoruba zinapozaliwa. Ndiyo maana mwaka 2017 ulianza mradi wa HIGHWAY wa kutoa maonyo mapema kwa nchi za ziwa, na rada ya hali ya hewa iliyoko Mwanza ilitoa habari zake kwa kazi hiyo. Rada huona mvua iliyo karibu, setilaiti huona wingu tangu mbali. Mtabiri hutazama vyote viwili.

Lakini angalia kipande cha mwisho cha njia. Mtabiri ameandika onyo. Redio imelisoma. Hapo tumerudi mwanzo wa somo: sauti inakwenda, hairudi. Mtabiri hajui kama mwalo fulani umesikia. Hajui kama utabiri wa jana ulikuwa kweli pale Kome au Ukara, maana mawimbi ya pale hakuyaona. Ruta zilipewa bahasha na tarishi. Mvuvi ana nini? Ana simu, na ana uongozi wa mwalo. Kiongozi wa mwalo akipiga simu na kusema, "Onyo tumelipata saa 10 jioni, mitumbwi 6 ilikuwa imekwisha kutoka, upepo ulianza saa 4 usiku, ukatoka kusini," amepeleka bahasha ya kurudi. Mtabiri ataandika, na kesho atalitoa onyo mapema zaidi. Asipopiga mtu, mtabiri atarudia maneno yale yale saa zile zile, kama kampuni inayofungua king'amuzi kilichozimwa.

Haya, kabla ya kuagana, kazi ya darasa. Mtambo umetuma namba nne na jumla yake. Zimefika hizi: 8, 14, 11, na jumla 40. Namba moja imepotea. Itafuteni ni ipi. Kisha wale wanaotoka katika mialo wamwambie mwalimu: katika mwalo wenu, onyo la dhoruba hufika kwa njia gani, na ni nani anayepeleka jibu? Mwalimu aandike majina ya mialo ubaoni, na mbele ya kila jina aandike jibu. Mahali pasipo na jibu aache wazi.

Kwaherini.